Jibu la mtaalamu: Mama mzazi wa Katharine Drexel ni nani, na mali ya baba yake iliishia wapi?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista, Mwanza. Jumuiya yetu ndogo ndogo imemchagua Mtakatifu Katharine Drexel, mtawa wa Marekani, awe somo wetu, na nimepewa kazi ya kuandika habari zake na za nyumba aliyotoka, zisomwe kwenye sikukuu yake tarehe 3 Machi. Ninachojua ni kwamba alitangazwa mtakatifu siku moja na Bakhita, na kwamba baba yake alikuwa tajiri wa benki huko Philadelphia. Mtandaoni mambo yanapingana. Huku mama yake ni Hannah, kule ni Emma. Huku ni Catherine, kule Katharine. Wapo wanaosema ni ndugu wa mke wa Rais Kennedy. Na mali yote ile ilikwenda wapi? Nina simu na bando tu. Nianzie wapi?

Jibu: Milele na milele, amina. Mwalimu, nakupa kwanza majibu ya haraka, kisha nikuoneshe karatasi zinazoyathibitisha, maana siku utakaposimama mbele ya jumuiya kuna mzee atakayekuuliza umejuaje.

Mama aliyemzaa ni Hannah Langstroth. Alijifungua tarehe 26 Novemba 1858 na akafariki wiki tano baadaye. Mama aliyemlea ni Emma Bouvier, aliyeolewa na baba yake Aprili 1860. Jina la ubatizo ni Catherine Mary, akiitwa kwa jina la bibi yake mzaa baba. Tahajia ya Katharine ndiyo aliyoishi nayo utawani. Bakhita ni kweli, siku ileile, 1 Oktoba 2000. Undugu na mke wa Kennedy upo kwenye familia, ila haupiti kwenye damu ya Katharine; nitaueleza mwishoni. Mali nayo ina kisa chake, na kwa maoni yangu hicho ndicho unachopaswa kukipa nafasi kubwa kuliko vyote.

Kuhusu njia. Ukifuatilia nyumba ya watu wa benki wa karne ya 19, utakuta karatasi za fedha ni nyingi mno na karatasi za watu ni chache. Mwanamume mwenye mali anaonekana kila mahali: kodi, mikataba, kesi, magazeti. Mke, mtoto mchanga na mpishi wanaonekana kwa bahati. Kwa hiyo kila ukishika karatasi jiulize mambo mawili: iliandikwa kwa faida ya nani, na nani alimpa karani yale maneno? Ukiyashika hayo, ule mgongano unaouona mtandaoni utaanza kuisha wenyewe, kwa sababu mwingi umetokana na watu kusoma karatasi bila kujua ilitengenezwaje.

Tuanze na wanaume, maana majina yao yanachanganya. Babu ni Francis Martin Drexel, aliyezaliwa Dornbirn, Austria, mwaka 1792. Alimwoa Catherine Hookey wa Philadelphia mwaka 1821. Kati ya watoto wao sita, wawili utakutana nao sana: Francis Anthony, aliyezaliwa 1824, ambaye ndiye baba wa Katharine, na Anthony Joseph, aliyezaliwa 1826, baba yake mdogo, ambaye ndiye mwenye sifa kubwa zaidi duniani kwa mambo ya benki. Huyo Anthony ndiye aliyeingia ubia na kijana aitwaye J. P. Morgan mwaka 1871; kampuni yao ya New York, Drexel, Morgan & Co., ikabadilishwa jina mwaka 1895 na kuwa J. P. Morgan & Co. Ndiye pia aliyeanzisha chuo ambacho leo ni Drexel University. Watu wengi wanaoandika habari za Katharine humchukua huyu wakamfanya baba yake. Ukiandika daftari lako, usiandike kamwe "Francis" peke yake au "Anthony" peke yake. Weka majina mawili na mwaka wa kuzaliwa, kila mara.

Huyu babu anastahili muda wako. Hakuanza na benki, alikuwa mchoraji. Alipokuwa kijana, vita vya Napoleon vilipofika kwao, alitoroshwa nyumbani asiingizwe jeshini, akazurura Italia na Uswisi akijipatia riziki kwa brashi. Akafika Philadelphia mwaka 1817. Hapo mtafiti mgeni hukwama, kwa sababu orodha za abiria za Marekani zinaanza rasmi mwaka 1820, baada ya sheria ya 1819. Lakini Philadelphia ina bahati yake. Sheria ya forodha ya mwaka 1799 iliruhusu mgeni kuingiza nguo zake na vifaa vya kazi yake bila ushuru, basi manahodha wakawa wanaandika orodha za mizigo na wenye mizigo. Orodha hizo za bandari ya Philadelphia zimehifadhiwa kuanzia mwaka 1800 hadi 1819. Yaani mtu ambaye hakuna aliyetaka jina lake anapatikana kwa sababu ya sanduku lake. Tafuta humo, na ujaribu tahajia zaidi ya moja: Drexel, Drexell, Drexler, Drechsel. Karani alisikia kwa sikio la Kiingereza jina lililotamkwa kwa ulimi wa Kijerumani.

Kisha tazama tarehe za kuzaliwa za watoto wake. Anthony Joseph alizaliwa Septemba 1826. Anayemfuata miongoni mwa hao sita, Joseph, alizaliwa Januari 1833. Pengo la zaidi ya miaka sita, katika zama ambazo nyumba nyingi zilipata mtoto kila baada ya miaka miwili. Pengo kama hilo linasema jambo: ama mtoto alifariki, ama mimba ziliharibika, ama baba hakuwepo. Hapa baba hakuwepo. Mwaka 1826 Francis Martin alikwenda Amerika ya Kusini kutafuta kazi ya kuchora wakubwa, baada ya ugomvi na mume wa dada wa mkewe, uliofika mahakamani, kumharibia jina na wateja mjini. Alimchora hata Simón Bolívar. Alirudi 1830. Mke alibaki Philadelphia na watoto wadogo kwa miaka yote hiyo, na hakuna kitabu cha benki kinachomtaja. Mimi humwona yeye kuwa nguzo ya kwanza ya nyumba ile. Yeye ndiye Catherine ambaye somo wenu amerithi jina lake.

Na huyo Joseph aliyezaliwa 1833, jina lake kamili ni Joseph Wilhelm Drexel. Wilhelm hapo ni jina la ukoo: mama yake Francis Martin, kule Dornbirn, alikuwa Magdalena Wilhelm, na mumewe Franz Joseph. Mtoto akapewa majina ya babu na ya upande wa bibi kwa pamoja. Sisi tunaorithisha majina ya mababu hatuna haja ya kufundishwa hili, na ni faida kubwa kwetu katika kazi hii. Jina la kati la ajabu katika familia ya Kimarekani ya karne ya 19 mara nyingi ni ukoo wa mwanamke uliokuwa unataka kupotea.

Benki yenyewe nitaipitia haraka. Safari zile zilimfundisha mchoraji kubadilisha fedha. Wakati ule kila benki Marekani ilitoa noti zake, na noti ya mji mmoja ilipungua thamani mji mwingine, hivyo aliyejua kupima noti alipata riziki. Alifungua ofisi Louisville mwaka 1837, na Januari 1838 akafungua Philadelphia, mtaa wa Third. Wanawe waliingia kazini wakiwa bado wavulana. Anthony alikuwa na miaka 13. Mzee alifariki mwaka 1863 kwa kugongwa na treni, na vijana wakaendelea.

Sasa tufike kwa mama yake Katharine, kwa maana hapo ndipo ulipo mkanganyiko.

Usipoteze bando kutafuta cheti cha kuzaliwa. Jiji la Philadelphia lilianza kuandikisha vizazi na vifo tarehe 1 Julai 1860. Elizabeth, dada mkubwa, alizaliwa 1855. Katharine alizaliwa 1858. Wote wawili wako nje ya daftari la serikali. Mdogo wao Louise, mtoto wa Emma, alizaliwa Oktoba 1863, baada ya daftari kufunguliwa. Unaona shida inavyoanza: kati ya mabinti watatu, daftari la jiji linamfaa wa Emma tu, na anayekwenda huko peke yake atarudi na jina la mama mmoja.

Dawa yake ni kitabu cha ubatizo. Katharine alibatizwa Desemba 1858 katika Kanisa la Kupalizwa Mbinguni, Philadelphia. Wewe katekista unakijua kitabu hiki kuliko mimi: jina la mtoto, wazazi, wasimamizi, padre. Mama anayeandikwa ni aliyezaa. Vitabu vya zamani vya parokia za Philadelphia vimepigwa picha na vinapatikana kwenye Findmypast, tovuti ya nasaba ambayo ni ya kulipia, kwa hiyo usikimbilie huko kabla hujajaribu njia ya bure nitakayokupa chini. Ndoa ya baba na Emma nayo itafute katika vitabu vya Kanisa. Lakini Hannah mwenyewe alitoka ukoo wa Kiprotestanti. Ukitaka habari za kwao Langstroth, vitabu vya Kikatoliki havitakusaidia, na hilo peke yake limewafanya waandishi wengi wamwache kando.

Halafu ipo sensa ya 1860. Nataka uitazame kwa makini sana, kwa sababu humo ndimo watu wazima wenye elimu wanapotea. Sensa ya Marekani ilianza kuandika jina la kila mtu huru mwaka 1850. Kabla ya hapo iliandikwa kichwa cha nyumba tu. Ile ya 1860 ilihesabu hali ya nyumba kama ilivyokuwa tarehe 1 Juni. Sasa pima: Hannah alifariki mwisho wa 1858. Mabinti wake wawili walichukuliwa na Anthony Joseph na mkewe Ellen, wakalelewa kwao. Baba yao alimwoa Emma Aprili 1860, wakaenda fungate Ulaya. Mabinti walirudi kwa baba baada ya nyumba mpya kutulia. Karani wa sensa alipita katikati ya mambo hayo. Kwa hiyo ukiwatafuta Elizabeth na Catherine, tafuta pia kwa baba mdogo. Na ujue kwamba sensa ya 1860 haikuwa na safu ya uhusiano. Iliandika jina, umri, jinsi, kazi, mali, mahali pa kuzaliwa na mambo mengine machache. Safu ya "mtoto wa nani" ilianza 1880. Mtu akikuta watoto wawili wenye jina la Drexel ndani ya nyumba ya Anthony Drexel mwaka 1860, atawaandika kuwa watoto wa Anthony na Ellen, na hakuna kitu kwenye ukurasa ule kitakachomkataza. Akiwakuta mwaka 1870 ndani ya nyumba ya Francis na Emma, atawaandika wa Emma. Ukurasa umesema kweli mara zote mbili, ila msomaji ndiye aliyeongeza maneno.

Na hata karani hakulazimika kuzungumza na mwenye nyumba. Katika nyumba kama ile ya familia, mtaa wa Walnut, angeweza kufunguliwa mlango na mtumishi, akaambiwa alichojua mtumishi. Mtumishi aliyeajiriwa juzi angewezaje kujua kwamba bibi yule mwema si mama mzazi? Katharine mwenyewe, kwa simulizi ya familia, hakulijua hilo mpaka alipokuwa binti mkubwa kiasi. Emma aliwapenda watatu wote bila kubagua. Kwa hiyo ukiandika kwamba "mama yake Emma alimfundisha kuwapa maskini", hujakosea: Emma alifungua mlango wa nyumba yake siku tatu kwa juma kuwagawia watu nguo, dawa na kodi ya nyumba. Andika tu na jina la Hannah, mara moja, kwa heshima yake.

Sensa nyingine kwa ufupi. Ile ya 1870 Philadelphia ilihesabiwa mara mbili kwa sababu ya malalamiko kuhusu hesabu ya kwanza, hivyo nyumba moja inaweza kuwa na kurasa mbili, zilinganishe. Ya 1880 ina safu ya uhusiano. Ya 1890 usiihangaikie, iliungua Washington mwaka 1921 na karibu yote ikapotea. Katika zote hizo, usiishie kwenye jina la Drexel. Shuka mistari ya chini, kwenye watumishi. Utakuta "Ireland" imeandikwa kama mahali pa kuzaliwa. Wawili tunawajua kutoka kumbukumbu za familia: Johanna Ryan, aliyewalea watoto, na Mary Cassidy, mwalimu wao wa nyumbani, wote Waairishi. Katekesi ya awali ya mtakatifu wenu ilipita pia mikononi mwa wanawake hao, na mimi ningewataja kwa majina mbele ya jumuiya.

Karatasi za fedha sasa. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ya Marekani ilianzisha kodi ya mapato, ikadumu kuanzia 1862 hadi 1872. Orodha za makadirio zilihesabu mapato pamoja na vitu vya anasa: magari ya farasi, saa za dhahabu, piano, vyombo vya fedha. Ziliwekwa wazi, na magazeti yakachapisha mapato ya matajiri jina kwa jina. Orodha hizo ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani. Ukizisoma pamoja na sensa za 1860 na 1870, ambazo zina safu za thamani ya mali isiyohamishika na mali nyingine, utaiona nyumba ikipanda. Yako pia madaftari ya R. G. Dun, kampuni iliyowapima wafanyabiashara kama wanakopesheka, yamehifadhiwa Baker Library ya Harvard. Watoa habari wake waliandika tabia ya mtu, ndoa yake na ukwe wake. Hayo ni kwa mtafiti wa mbali zaidi. Kwa kazi yako si ya lazima.

Lakini ipo benki nyingine ambayo siwezi kuipita kimya, kwa sababu Katharine aliwatumikia watu wake. Mwaka 1865 Bunge la Marekani lilianzisha Freedman's Savings Bank kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani. Mwenye kufungua akaunti aliulizwa na karani: umezaliwa wapi, bwana wako wa zamani ni nani, baba, mama, mke, watoto, ndugu zako, wako wapi? Watu walijibu. Walitaja ndugu waliouzwa, watoto waliopotezana nao. Benki ile ilifilisika 1874 kwa uongozi mbovu, na akiba za maskini zikayeyuka, ila madaftari yalibaki, na leo ndiyo hazina kubwa kwa Wamarekani weusi wanaotafuta mababu. Daftari la mfua nguo aliyeweka dola tano linaweza kukupa vizazi vitatu vya ukoo wake, wakati tajiri wa Third Street ameacha leja zisizo na jina la mama yake. Ukipata dakika mbili kwenye somo lako, waambie watu hili. Litawasaidia kuelewa ni umma gani Katharine aliuendea.

Sasa wosia, ambao ndio karatasi nzito kuliko zote. Francis Anthony Drexel alifariki tarehe 15 Februari 1885, miaka miwili baada ya Emma. Aliacha dola milioni 15 na ushei. Alichokifanya nacho kinakuonesha nyumba ile kuliko picha yoyote.

Sehemu moja ya kumi ilitolewa mara moja kwa taasisi za huruma: nyumba za yatima, hospitali, mashirika ya kitawa, shule. Sehemu tisa zilizobaki zikawekwa kwenye mfuko wa amana chini ya wadhamini. Mabinti watatu wakapewa mapato ya mfuko sawa kwa sawa, bila kuruhusiwa kugusa mtaji. Baba aliwaogopa wanaume wanaooa mali, akaandika ili mume wa binti yeyote asiwe na mkono katika fedha ile. Binti akifariki bila mtoto, fungu lake liende kwa dada waliobaki. Akiacha watoto, mtaji uwafikie hao. Na wote watatu wakifa bila kizazi, mtaji wote ugawiwe kwa zile taasisi za mwanzo.

Soma wosia huo kama mtu wa nasaba. Unakutajia walio hai mwaka 1885. Unakuonesha kwamba binti wa Hannah na binti wa Emma walihesabiwa sawa, bila neno la kambo. Na kwa kuwa mtaji ulisubiri wajukuu, ilibidi wadhamini wajue kila ndoa, kila mtoto na kila kifo kwa miaka 70 iliyofuata. Kila binti alipofariki, hesabu ilipaswa kubadilishwa. Mafaili ya mirathi na ya amana kwa sababu hiyo huwa na tarehe za uhakika kuliko kitabu chochote cha sifa.

Mambo yakaenda hivi. Elizabeth aliolewa Januari 1890, akafariki Septemba mwaka uleule pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni. Louise aliolewa na Edward Morrell mwaka 1889, hawakujaliwa mtoto. Katharine aliingia utawani 1889, akaanzisha Masista wa Sakramenti Takatifu mwaka 1891, na mapato yake yote, na baadaye ya fungu la dada zake, akayapeleka kwenye shule za watu weusi na za wenyeji asilia wa Marekani. Xavier University ya New Orleans ni tunda la fedha hiyo. Anakadiriwa kutoa karibu dola milioni 20 maishani mwake. Mpaka Bunge likaweka, mwaka 1924, msamaha wa kodi ya mapato kwa mtu ambaye kwa miaka mingi ametoa karibu mapato yake yote kwa sadaka, na yeye alikuwa mfano uliokuwa akilini mwao.

Alifariki tarehe 3 Machi 1955, akiwa na miaka 96, binti wa mwisho. Siku ile sharti la mwisho la wosia likatimia. Mtaji ukagawiwa kwa taasisi ambazo baba alizitaja miaka 70 kabla. Shirika la Katharine halikuwa kwenye orodha, kwa sababu mwaka 1885 halikuwa limezaliwa. Masista wake hawakupata senti ya mtaji. Alikuwa akilijua hilo miaka yote, na nimeona watu wakiuliza kwa nini hakuomba wosia upingwe mahakamani. Wosia ulikuwa halali na ulikuwa wa baba yake, akauheshimu, akaendelea kuwafundisha masista waishi kwa kubana matumizi. Hilo ndilo jibu la "mali iliishia wapi", na ndiyo sehemu ambayo ningeipa ukurasa mzima kama ningekuwa wewe.

Kwa vitendo, ukiwa Mwanza na simu. Fungua akaunti ya bure ya FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba, utafute kwa vichujio: Pennsylvania, Philadelphia, 1850 hadi 1880. Sensa, vifo vya jiji na sehemu ya mafaili ya mirathi ya Pennsylvania zimo. Picha chache hufunguka tu ndani ya vituo vyao. Ukipata ukurasa, upige picha ya skrini uhifadhi, usirudi kuupakia tena. Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, ina vitabu vya anwani vya Philadelphia vya miaka ile, vinavyotaja jina, kazi na nyumba. Kumbuka jiji lilibadilisha namba za nyumba miaka ya 1856 na 1857, kwa hiyo namba ikibadilika ghafla usidhani wamehama. Chronicling America ya Maktaba ya Bunge ina magazeti ya bure. Tafuta wiki ya tatu na ya nne ya Februari 1885.

Miti ya ukoo iliyopandishwa na watu binafsi itumie kama fununu tu. Mti usio na karatasi chini ya jina ni maneno ya mtu. Vivyo hivyo vile vitabu vizito vya "watu mashuhuri" vya mwisho wa karne ya 19: vingi viliuzwa kwa walewale waliosifiwa ndani yake.

Ile njia ya bure niliyokuahidi ni barua pepe. Nyaraka za Masista wa Sakramenti Takatifu sasa zinatunzwa na Catholic Historical Research Center ya Jimbo Kuu la Philadelphia. Waandikie kwa Kiingereza kifupi: wewe ni katekista, unahitaji uthibitisho wa mambo matatu, yaani jina la mama kwenye ubatizo wa Desemba 1858, ndoa ya Aprili 1860, na orodha ya taasisi za wosia wa 1885. Usiombe "historia yote ya familia"; ombi pana hukaa mezani, ombi la tarehe moja hujibiwa. Paroko wako akiweka sahihi na muhuri, itasaidia.

Limebaki la mke wa Kennedy. Baba yake Emma, Michel Bouvier, alikuwa seremala wa samani kutoka Ufaransa, askari wa Napoleon aliyekimbilia Philadelphia baada ya Napoleon kushindwa, na akapata kazi kwa kaka yake Napoleon, Joseph Bonaparte, aliyekuwa akiishi New Jersey. Mmoja wa wanawe, John Vernou Bouvier, ndiye baba wa babu yake Jacqueline Bouvier, aliyeolewa na John Kennedy. Kwa hiyo Louise, mtoto wa Emma, na babu yake Jacqueline walikuwa watoto wa dada na kaka: binamu wa damu. Elizabeth na Katharine, watoto wa Hannah, walikuwa ndugu wa Bouvier kwa malezi. Ukiichora kwenye karatasi, mchore Francis Anthony katikati, Hannah mkono mmoja na Emma mkono wa pili, na mstari wa Bouvier uteremke kwa Louise pekee.